Kufuli la Mchezo wa Kompyuta: Namna ya Kulipima Kabla Muda wa Kurudishiwa Fedha Haujapita

Umeme unapokatika jioni, laptopu hubaki na chaji ya saa mbili au tatu, lakini ruta huzima papo hapo, na ndipo mnunuzi wa mchezo wa kompyuta anapotambua amenunua kufuli (yaani kinga ya kuzuia mchezo usinakiliwe ovyo) la aina gani pamoja na mchezo wenyewe. Michezo mingine hufunguka kama kawaida. Mingine husema kwamba haiwezi kuthibitisha leseni, hata kama ni ya mchezaji mmoja na haimhitaji mtu yeyote wa mbali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya aliyelipa, kwa kuwa mwenye nakala ya wizi hana shida nao: nakala yake huwa imekwisha kung'olewa kufuli kabla haijamfikia, na anayesimamishwa mlangoni kuulizwa risiti ni yule mwenye risiti.

Makufuli yako ya aina tatu kwa jumla. Kuna kufuli la diski, ambalo hukataa kufungua mchezo mpaka diski halisi iwemo ndani ya kompyuta. Kuna kufuli la uamilishaji, ambalo huwasiliana na seva mara moja au kwa vipindi na kuiandikisha kompyuta yako. Na kuna kufuli la seva ya kudumu, ambalo hutaka mtandao muda wote unapocheza. La tatu ndilo baya kuliko yote, lakini linalowachanganya watu ni la pili, kwa sababu siku ya kwanza halionekani.

Soma ukurasa wa duka mpaka chini

Katika duka la Steam, pembeni mwa ukurasa wa mchezo huwekwa kisanduku kinachotaja kama mchezo una kufuli la kampuni nyingine juu ya lile la Steam. Ukiona jina Denuvo, ambalo lilianza kutumika mwaka 2014 katika FIFA 15, jua kwamba mchezo utaitambua kompyuta kwa vifaa vyake, na utahitaji mtandao kila utambulisho huo unapobadilika. Mara nyingi maelezo huongeza kwamba mwisho ni kompyuta 5 tofauti kwa siku moja. Kisanduku kikitaja pia akaunti ya kampuni nyingine, hesabu hilo kuwa kufuli la ziada, maana siku akaunti hiyo ikifungwa au nenosiri likipotea, mchezo nao umekwenda.

Baada ya hapo fungua PCGamingWiki, tovuti ya maelezo ya michezo ya kompyuta, na utafute jina la mchezo. Humo kuna jedwali linaloonyesha maduka yanayouuza na kufuli linaloambatana nao katika kila duka, na si ajabu kukuta mchezo uleule umefungwa katika duka moja na uko wazi katika jingine. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na watu wa CD Projekt wa Poland, limejijengea jina kwa kuuza michezo isiyo na kinga dhidi ya kunakili, kwa hiyo bei zikikaribiana mimi sioni sababu ya kununua kwingine.

Neno "nunua" lisikupumbaze. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya jimbo la California inawazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kulitumia bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu, isipokuwa pale ambapo bidhaa inaweza kupakuliwa na kutumika daima bila kumtegemea muuzaji. Bidhaa ya namna hiyo ya mwisho ndiyo unayoitafuta.

Saa mbili za kwanza si za kucheza

Kwa kawaida Steam humrudishia fedha mteja aliyeomba ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa hajacheza kufikia saa 2. Wengi huzitumia saa hizo kuona kama mchezo unafurahisha. Dakika 40 za mwanzo mimi huzitumia kupima kufuli, na utaratibu wake ni huu.

Pakua mchezo na uufungue ukiwa na mtandao. Ingia mpaka ndani ya mchezo wenyewe, usiishie kwenye picha za mwanzo, kisha uhifadhi hatua uliyofikia na utoke. Katika Steam chagua hali ya kufanya kazi bila mtandao. Sasa kata mtandao kikwelikweli: zima Wi-Fi, chomoa waya kama upo, na ikiwa unatumia simu kusambaza bando, zima data kwenye simu yenyewe. Izime kompyuta kabisa na kuiwasha upya, kwa sababu kilichothibitishwa dakika chache zilizopita kinaweza kuwa bado kimo kwenye kumbukumbu, na jaribio lisilopitia hatua hii halikuambii kitu. Fungua mchezo. Ukifunguka na hatua uliyohifadhi ikaonekana, iache kompyuta bila mtandao usiku kucha na ujaribu tena asubuhi, kwa kuwa zipo ruhusa zinazodumu saa kadhaa tu. Mwisho, rudisha mtandao, anza kucheza, kisha ukate ghafla katikati ya mchezo uone kama utatupwa nje.

Mchezo ukikataa katika hatua yoyote, amua siku hiyohiyo. Omba fedha zako, na penye nafasi ya kueleza sababu andika kwamba mchezo wa mchezaji mmoja haufunguki bila mtandao. Usiseme utalirudia jambo hilo mwisho wa wiki, maana siku 14 hupita upesi kuliko mtu anavyodhani.

Usumbufu huu wote una historia nyuma yake. Assassin's Creed II ilipotoka kwa kompyuta mwezi Machi 2010, ilidai mtandao muda wote, na seva za Ubisoft, kampuni iliyoutoa mchezo huo, ziliposhambuliwa siku zilezile za mwanzo, wateja halali walibaki nje na michezo yao. SimCity ya Machi 2013 iliwapanga wanunuzi foleni kwenye seva zilizolemewa, huku wakiambiwa kwamba kuuendesha mchezo bila seva hizo si jambo rahisi. Mwaka mmoja baadaye sasisho likaja, na mchezo ukaanza kuchezwa bila mtandao. The Crew, mchezo wa magari uliotoka mwaka 2014, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na tangu siku hiyo hata aliyekuwa akiendesha gari lake peke yake hakuweza kuiwasha tena. Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya ziada: tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, mtandao ulidorora Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa, na kufuli la seva ya kudumu halijui tofauti kati ya mwizi na kebo iliyokatika.

Akiba unayoishika mkononi

Ukinunua GOG, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari na upakue faili za kusakinisha zisizohitaji mtandao, badala ya kutegemea programu yao ya Galaxy. Mchezo mkubwa huja kwa vipande: kimoja cha kuanzishia na vingine vinavyokifuata, na vyote lazima vikae katika folda moja. Vipakue usiku ikiwa bando lako la usiku ni nafuu, vinakili kwenye diski ya nje, kisha vijaribu kwenye kompyuta nyingine isiyo na mtandao, kwa kuwa akiba ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kwa Steam hali inatofautiana. Baadhi ya michezo iliyomo humo haina kufuli lolote, na njia ya kuitambua ni kuifunga Steam kabisa, kuingia kwenye folda ya mchezo, na kubofya programu yake moja kwa moja. Ikifunguka bila kuiamsha Steam, nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Angalia tu kwamba diski hiyo haijapangwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja inayofikia GB 4, na unakili utakwama katikati.

Kabla ya kumpelekea fundi kompyuta apige Windows upya, kagua michezo yote yenye uamilishaji wa kuhesabiwa. Spore ya mwaka 2008 iliruhusu uamilishaji mara 3 tu kwa kutumia kinga ya SecuROM. Malalamiko yalipozidi, EA, kampuni iliyoutoa, ikaongeza hadi 5, na baadaye ikatoa programu ya kuirudisha nafasi iliyotumika. Nakala za wizi za mchezo huohuo zilikuwa zimekwisha kuzagaa kabla ya siku ya kuuzwa, zisizo na hesabu yoyote. Kama mchezo wako una programu ya kurudisha nafasi, iendeshe kwanza, ndipo ufute. Kwa michezo ya Denuvo hakuna cha kurudisha, lakini baada ya kubadilisha prosesa au kupokea sasisho kubwa la Windows, ufungue kila mchezo mara moja ukiwa na mtandao, hasa kama unakaribia kusafiri kwenda mahali pasipo na mtandao.

Diski za zamani zina balaa lao. Michezo kama Battlefield 1942 na Age of Empires III ilitumia kinga iitwayo SafeDisc, ambayo ilipandikiza programu yake ndani kabisa ya Windows. Microsoft haikuiingiza programu hiyo katika Windows 10, na mwezi Septemba 2015 iliizima kwenye Windows za nyuma yake kwa sababu za usalama, hivyo diski halali iliyotunzwa vizuri ikageuka pambo. Zipo njia za kuiwasha tena kwenye Windows hizo za zamani, lakini sishauri kufanya hivyo katika kompyuta unayoitumia kwa benki na barua pepe. Tafuta kwanza kama mchezo umetolewa upya bila kufuli hilo. Usipoupata, tenga kompyuta ya zamani isiyounganishwa na mtandao kabisa.

Kuhusu kasi, usiharakishe kulilaumu kufuli kila mchezo unapokwamakwama, kwani mara nyingi tatizo ni kadi ya picha. Hata hivyo Resident Evil Village ya mwaka 2021 ilikuwa ikikwama wakati wa mapigano, na Capcom, kampuni iliyoutoa, ilirekebisha kinga yake kwa sasisho la Julai mwaka huohuo. Asiye na haraka anaweza kungoja: Doom ilitoka Mei 2016 ikiwa na Denuvo, na kufikia Desemba kinga hiyo ilikuwa imeondolewa, na anayechelewa hupata mara nyingi bei iliyoshuka pia.

Ukifungiwa nje ya mchezo uliolipia, piga picha ya ujumbe wa kosa, andika namba ya manunuzi, tarehe, na ulichobadilisha kwenye kompyuta kabla ya tatizo kuanza, kisha uombe jambo moja tu katika barua yako: nafasi zako za uamilishaji zirudishwe. Barua inayoanza kwa hasira hupata jibu la mashine. Ile yenye namba ya risiti katika sentensi ya kwanza hupita haraka zaidi mpaka kwa mtu mwenye mamlaka ya kubonyeza kitufe.