Ruzuku ya serikali inapunguza pengo la mikoa? Jinsi ya kupima

Hatua ya 1: Kusanya takwimu. Kwa kila mkoa tafuta idadi ya watu, kipato cha kila mtu na ruzuku iliyofika, mwaka hadi mwaka. Nasema iliyofika. Kitabu cha bajeti huonyesha iliyoahidiwa, na kuchanganya hizo mbili kuliwahi kunila wiki nzima. Ondoa mfumuko wa bei.

Hatua ya 2: Pima pengo. Mimi hutumia kipimo cha Williamson cha 1965, kinachoupa kila mkoa uzito kulingana na watu wake. Tuseme mikoa ni mitatu, yenye asilimia 20, 30 na 50 ya watu, na vipato vya 200, 100 na 60. Wastani ni 100. Chukua tofauti ya kila mkoa na wastani (100, 0, -40), izidishe kwa yenyewe, kisha kwa sehemu ya watu: 2000 + 0 + 800 = 2800. Kipeuo cha pili ni 52.9, gawa kwa wastani, unapata 0.53. Sasa toa 50 kwa kila mtu wa mkoa tajiri, upe mkoa maskini 20 kwa kila mtu. Rudia hesabu: 0.26. Pengo limepungua nusu, ila uchumi haujakua hata senti. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Hatua ya 3: Chora ruzuku dhidi ya ukuaji, lakini usiuamini mchoro. Ukikuta wanaopewa zaidi ndio wanaokua polepole, usikimbilie kulaumu ruzuku. Wodini dawa nyingi huenda kwa mahututi. Huwezi kuhesabu chupa kando ya vitanda ukasema dawa ndiyo iliyowalaza.

Hatua ya 4: Tafuta mstari wa kanuni. Hapa ndipo penye utamu. Nchini Brazil, mfuko wa serikali kuu uitwao FPM hugawia manispaa fedha kwa madaraja ya idadi ya watu. Ukiacha miji mikuu ya majimbo, manispaa yenye watu hadi 10,188 hupata kizidishio (namba inayopanga ukubwa wa mgao wake) cha 0.6; akiongezeka mtu mmoja tu, kinapanda hadi 0.8. Ndani ya jimbo moja, hiyo ni theluthi zaidi kwa miji inayofanana karibu kila kitu. Linganisha walio chini kidogo ya mstari na walio juu kidogo, miaka kadhaa baadaye.

Ila kwanza hesabu manispaa zilizo pande zote mbili. Zikirundikana juu tu ya mstari huku chini yake kukiwa kweupe, kuna mtu alisogeza tarakimu.