Kabla Hujaja Dodoma Kufuatilia Jambo Lako: Mambo ya Kuzingatia

Anayekuja Dodoma kwa mara ya kwanza akitokea Dar es Salaam au Mwanza hushangazwa na kitu kilekile: nafasi. Barabara pana, majengo makubwa yaliyoachana, na katikati yake vichaka, miamba na mibuyu. Wapo wanaoniuliza mji wenyewe uko wapi, na hapo tumeshaupita nusu. Ninaishi huku, na wageni hawakauki nyumbani kwangu: ndugu, marafiki wa ndugu, na watu waliopewa namba yangu na mtu wanayemfahamu kwa mbali tu. Wachache sana wanakuja kutembea. Wengi wanakuja kufuatilia: jalada, kibali, uhamisho, mafao, usaili. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona yakiwatesa.

Kwanza elewa mji ulivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, na ramani kuu ya mji ikachorwa na kampuni ya Kanada mwaka 1976. Haikukusudiwa kuwa Dar es Salaam ya pili. Mpango ulikuwa wa vitongoji vilivyotengana, kila kimoja na shule yake na maduka yake, ardhi ya wazi ikiachwa katikati, na barabara za mabasi zikiviunganisha. Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya mji ilikuwa chini ya mamlaka yake yenyewe, CDA, mpaka ilipovunjwa Mei 2017. Serikali nayo ilichelewa mno kuhamia. Wizara zilianza kuja kwa wingi baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016, zikakaa kwenye majengo ya muda huku na kule, mengine ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha zikaanza kuhamia Mtumba, nje ya mji, ulikojengwa Mji wa Serikali, mwaka 2019. Ndiyo maana ofisi unayoitafuta inaweza kuwa imekwishahama zaidi ya mara moja, na aliyekuelekeza anakumbuka ilipokuwa zamani.

Tarehe. Angalia ratiba ya Bunge kabla hujakata tiketi. Bunge la bajeti huanza mwanzoni mwa Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni, na vipo vikao vingine vifupi katika mwaka. Kipindi hicho vyumba vinajaa na bei inapanda, hoteli mpaka gesti. Mahafali ya vyuo ni hivyohivyo. Nanenane ya kitaifa ikifanyika viwanja vya Nzuguni, wiki ya kwanza ya Agosti usije bila chumba. Lipia chumba kabla, na uthibitishe kwa simu asubuhi ya safari kwamba bado ni chako.

Usafiri. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kufika huku Julai 2024, inachukua kama saa tatu na nusu. Kwa basi hesabu siku nzima. Njoo na kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi. Mabasi yanaishia Stendi Kuu ya Nzuguni, nje ya mji upande wa barabara ya Dar es Salaam, kwa hiyo kama unafika usiku mwambie mwenyeji wako mapema. Anayekupokea kwa treni pia mtajie kwamba ni stesheni ya SGR, maana reli ya zamani ina stesheni yake katikati ya mji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka ulisome taratibu, hata kama hayo mengine utayaruka.

Mama yangu mdogo anaishi Newala, kule kusini mkoani Mtwara. Mumewe alikuwa mwalimu, akafariki akiwa bado anadai malimbikizo ya mshahara. Mama Mdogo alihangaika na karatasi wilayani mpaka akaambiwa jambo limepelekwa Dodoma, aende mwenyewe. Akaja. Hakunipigia simu kwa sababu hakutaka kunisumbua. Alijua niko kazini, akaona ni jambo la asubuhi moja, atamaliza na kuondoka. Ilikuwa Juni, Bunge likiendelea. Alifika Alhamisi usiku, akapata chumba cha usiku mmoja tu kwenye gesti ya jirani na stendi, kwa bei ambayo Newala ingemlisha wiki.

Ijumaa asubuhi akapanda bajaji mpaka jengo lililoandikwa kwenye barua yake, katikati ya mji. Mlinzi akamwambia kwa heshima kabisa: "Mama, hawa walishahama. Wako Mtumba." Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Akapanda daladala. Konda akamshusha barabara kuu, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa kushuka Mtumba hakumaanishi umefika wizarani. Mji wa Serikali ni mkubwa, kila wizara ina kiwanja chake kipana, na jua la saa tano huku halina huruma kwa mtu anayetembea. Mama Mdogo ana miaka zaidi ya sitini na magoti yanamsumbua. Alitembea.

Alipofika getini, akaandikishwa, akakaa mapokezi. Baada ya muda akaambiwa kwamba wizara ndiyo hii, lakini kitengo kinachoshughulikia malimbikizo kimebaki kwenye jengo jingine, upande wa mjini. Akarudi njia ileile. Kufika huko ilikuwa imepita saa nane mchana. Masjala wakamwomba kumbukumbu namba ya barua ili wavute jalada. Barua halisi aliiacha Newala kwa kuogopa isipotee safarini, akaja na fotokopi. Na aliyemtolea fotokopi aliiweka vibaya kwenye mashine: kichwa cha barua kilikatika, na pale juu ndipo "Kumb. Na." inapoandikwa. Karatasi ilikuwa na jina la marehemu, saini na mhuri, kila kitu isipokuwa tarakimu zile. Wakajaribu kutafuta kwa jina. Majina ya aina ile kusini yako mengi sana. Saa tisa na nusu ikafika, ofisi za serikali zikafungwa, na kijana wa masjala akamwambia aje Jumatatu.

Gesti nako mizigo yake ilikuwa imetolewa na kuwekwa kaunta, chumba kina mtu mwingine aliyekilipia tangu mwezi uliopita. Alinipigia saa kumi na moja jioni akiwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Nilimsikia anavyojikaza sauti isitetemeke, na bado inaniuma nikiikumbuka. Mtu ambaye mumewe alifundisha watoto wa watu miaka yote ile hakustahili siku ya namna hiyo.

Jumamosi mjukuu wake akapiga picha barua halisi kule Newala, akaituma kwa WhatsApp. Jumatatu tulikuwa dirishani saa moja na nusu, wanapofungua. Tukataja namba. Jalada lilipatikana kabla hatujamaliza nusu saa, na kumbe lilikuwa linasubiri nakala ya barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, ambayo ingeweza kutumwa kutoka wilayani. Safari nzima ile haikuhitajika.

Kwa hiyo, kabla hujafunga begi, piga simu. Namba za ofisi ziko kwenye tovuti za wizara, na barua rasmi nyingi zina namba ya simu pale juu. Ikishindikana, mwombe afisa utumishi wa wilaya yako aulize kwa niaba yako, hiyo ni kazi yake. Usiulize wizara iko wapi. Uliza kitengo kinachoshughulikia jambo langu kinakaa jengo gani leo, jirani na nini, na wanapokea wageni siku zipi. Kisha uliza kama jalada limeshafika kwao na linasubiri nini. Swali hili la mwisho watu hawaliulizi, wanaona ni kama kumsumbua ofisa, na ndilo lingewaokolea nauli. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Namba ya kumbukumbu iwe kwenye simu yako, kwenye daftari, na kwa mtu uliyemwacha nyumbani. Barua halisi njoo nazo ndani ya bahasha ngumu, na picha zake zote, ukurasa mzima mpaka pembeni, ziwe kwenye simu. Kitambulisho cha NIDA usikisahau, hupiti geti bila kitambulisho. Kama ni mambo ya marehemu, ongeza cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya mahakama. Usipange kufika Ijumaa. Fika Jumapili au Jumatatu, ili ukizungushwa uwe na siku mbele yako.

Majina ya mahali nayo yanachanganya. Kuna Chamwino kata ya mjini, na kuna Chamwino ya Ikulu, wilaya nyingine kabisa, mbele ya Mtumba ukielekea Dar es Salaam. Nimeona mtu akipatana bei na bodaboda kwenda ya kwanza huku anaitaka ya pili. Area A, Area C, Area D ni mitaa mikubwa. Kutaja jina peke yake hakutoshi, dereva atakuuliza sehemu gani, na ukibabaika bei inapanda. Tangu 2022 mitaa ina vibao na nyumba zina namba, lakini bajaji wengi bado wanakwenda kwa alama: msikiti, kituo cha mafuta, shule. Omba mwenyeji akutumie alama iliyo jirani naye, na patana nauli kabla hujakaa.

Mavazi. Kwenye ofisi za serikali na bungeni usiende na kaptula, nguo ya kubana, fupi au isiyo na mikono. Utarudishwa getini, na nguo ya kubadilisha iko gesti, kilomita nyingi nyuma.

Hali ya hewa inawadanganya watu wa pwani. Mchana jua, sawa, lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ni ya sweta nzito, pamoja na upepo. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, vumbi ni jingi. Mwenye pumu aje na dawa yake mfukoni, asiiache kwenye begi. Mafuta ya kupaka, midomo inapasuka. Maji ya bomba yana chumvi na siku nyingine yanakatika, kwa hiyo kabla ya kulipia chumba uliza kama kuna tangi. Kunywa ya chupa au ya kuchemsha.

Kurudi kunahitaji mpango kama kuja. Watumishi wengi wameacha familia Dar es Salaam, na Ijumaa mchana wanaondoka kwa wingi. Viti vya treni ya jioni hiyo huisha mapema. Ukijua unarudi Ijumaa, kata tiketi ya kurudi siku uliyokata ya kuja. Na ukibaki wikiendi usishangae mitaa ya ofisi ikiwa kimya. Nenda Nyerere Square jioni, ukaone msikiti wa Gaddafi, panda mpaka chuo kikuu kilimani uuone mji wote ulivyotawanyika chini yako, na Jumamosi fika mnadani ule nyama choma. Zabibu za huku nunua, ni tamu kweli, ila zioshe vizuri na usizifungie kwenye mfuko wa plastiki safari nzima.

Usipige picha ovyo ukiwa karibu na Ikulu, kambi za jeshi au mageti ya wizara, uliza kwanza. Mtu akikufuata nje ya ofisi akisema anaweza kuliharakisha jalada lako kwa kiasi kidogo, mkatalie na uondoke, hata kama ana kitambulisho shingoni. Fedha za nauli ya kurudi zitenge mbali na za matumizi. Chaji simu usiku, kwa kuwa kutwa nzima utakuwa njiani kati ya jengo na jengo. Beba maji na kitu cha kutafuna, hasa kama una kisukari au unasafiri na mzee, na ukiwa na ndugu huku, hata wa mbali, mpigie kabla hujapanda basi.