Kumrudisha nyumbani mbwa aliyezoea ulinzi

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili, familia ziliombwa kutoa mbwa wao. Chips, wa familia ya Wren huko Pleasantville, New York, alipelekwa Front Royal, Virginia, mwaka 1942 kufunzwa ulinzi. Julai 1943, kule Sicily, alikivamia kibanda cha bunduki ya rashasha, askari wa Kiitalia wakatoka na kujisalimisha. Mwisho wa 1945 akarudi kwa wenyewe.

Jeshi halikuwarudisha mbwa hawa vivi hivi. Walishikwa na watu mbalimbali mpaka wajue kwamba binadamu ni rafiki, wakapitishwa penye kelele, hata mtu akawazunguka kwa baiskeli ionekane kama watamrukia. Mimi hufundisha mbwa waliostaafu ulinzi hapa Moshi, na utaratibu huo ndio ninaoufuata.

Anza kwa daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa, meno, masikio, nyonga. Mbwa mwenye maumivu huuma, hata umfundishe vipi.

Kazi kubwa ni hii: amezoea kuwa wa mtu mmoja, sasa awe wa nyumba nzima. Asubuhi mama amlishe, jioni babu amtembeze, kesho shangazi amchane manyoya. Mvishe kifunga mdomo, kamba iwe fupi. Mgeni asimkodolee macho wala asimwinamie. Asimame ubavu, adondoshe kipande cha nyama na kujiendea zake. Mbwa mwenyewe ndiye aamue kusogea. Ninaye Malkia, German Shepherd jike. Mtu akibisha hodi, mkia wake ulikuwa ukikaza kama ufito. Uliposhuka na kutikisika taratibu, masikio yakalegea, ndipo nikamruhusu mgeni amguse, tena kifuani, si utosini.

Amri ya kushambulia isitamkwe tena hapo nyumbani, hata kwa mzaha. Watoto wasiachwe naye peke yao, awe mpole kiasi gani.

Mwisho mpe mtihani. Badala ya baiskeli, mimi hutumia bodaboda: apite mbali, kisha karibu, kisha apige honi. Mbwa akitazama tu na kukurudia, vizuri. Akirusha mwili, rudi umbali wa mwanzo, umlishe hapo hapo, ujaribu tena siku nyingine. Geti libaki limefungwa mpaka afaulu.