Kupanga bei za rejareja kwenye Excel zisikusumbue chenji

Katoni ya 19,400 yenye pakiti 12, ukiongeza asilimia 20, kila pakiti inatoka 1,940. Bei hiyo haiuziki dukani, maana chenji ya shilingi 60 huna. Inatakiwa ipande hadi 2,000 bila wewe kuigusa.

Hatua ya 1. A jina la bidhaa, B bei ya katoni, C idadi ya pakiti. Kwenye D2:

=ROUND(B2/C2*1.2,0)

Hatua ya 2. Fungua shiti nyingine, iite Bei. Kuanzia A2 hadi A15 andika bei unazouzia kweli, ndogo kwanza: 500, 600, 700, 800, 1000, 1200, 1500, 2000, 2500, 3000, 3500, 4000, 4500, 5000.

Hatua ya 3. Rudi kwenye shiti ya bidhaa, E2:

=INDEX(Bei!$A$2:$A$15,COUNTIF(Bei!$A$2:$A$15,"<"&D2)+1)

Inahesabu bei zilizo chini ya D2, kisha inachukua inayofuata. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Alama za $ ziwepo zote. Ukizisahau, orodha inateleza kila unapoburuta fomula chini, na bei za mwanzo zinaonekana sawa huku za chini zimeharibika.

Kwenye orodha andika tarakimu tupu. Ukiandika 2500/= Excel inaiona ni maandishi na kuiruka. Utaitambua: imeegemea kushoto mwa kisanduku.

Ikitokea #REF!, bidhaa imezidi bei ya mwisho. Ongeza bei kubwa zaidi, kisha rekebisha $A$15.

Usitumie MROUND (fomula inayosogeza namba hadi kizidishio kilicho karibu zaidi), hata kama ni fupi. Chukua katoni ya 22,000 yenye pakiti 12: D2 inatoa 2,200, na MROUND ya 500 inaishusha hadi 2,000. Faida ya katoni inatoka 4,400 hadi 2,000, zaidi ya nusu imepotea. VLOOKUP yenye TRUE (fomula ya kutafuta bei kwenye orodha) nayo hushuka vilevile. Mwenye duka hawezi kuiachia fomula ruhusa ya kumpunguzia faida.

Hatua ya 4. F2, yaani faida ya katoni, iwe =E2*C2-B2. Katoni hiyo ya 22,000 itapanda hadi 2,500 kwa pakiti, faida 8,000. Kama jirani anauza 2,200, ingiza mstari katikati ya orodha ya Bei, kati ya 2000 na 2500, uandike 2200. Fomula itajipanua yenyewe.