"Origin" na "source": somo la gunia la korosho

Juzi kijana mmoja hapa Mtwara kaniletea fomu ya mnunuzi wa korosho. Penye "country of origin" kajaza Brazil. Nilicheka, ila hakukurupuka: mkorosho kweli asili yake Brazil, Wareno ndio walioleta mbegu pwani yetu karne ya 16.

Hatua ya 1. Jua unaulizwa kitu gani. Mti, au gunia? Fomu inauliza gunia, na gunia limevunwa Tandahimba. Andika Tanzania.

Hatua ya 2. "Origin" ni asili, na asili haihami. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 ipo Berlin mpaka leo. "Origin" yake bado Tendaguru.

Hatua ya 3. "Source" ni pale unapopatia kitu, na panaweza kubadilika. Leo unachota kisimani, kesho bomba likitoka "source" yako ya maji ni nyingine. Mapato nayo ni hivyo hivyo: "source of income". Msimu wa korosho ukiisha, unahamia kwenye ufuta.

Hatua ya 4. Pale mto unapoanzia huitwa "source" tu. "The source of the Ruvuma" ni milima ya Matogoro, Songea. Kwa Wafaransa neno hilohilo ni chemchemi, kwa hiyo ukiwaza maji yanayobubujika hukosei.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwetu Masasi ila nimezaliwa Dar. Niseme "my source is Masasi"?
— Marahaba. Hapana, hiyo acha kabisa! Sema "my family is originally from Masasi". Ukisema "I'm originally from Masasi" watadhani umekulia huko.

Mbona waandishi wa habari wanasema "my source" na ni mtu?
— Huyo ni mtoa habari. Habari imepatikana kwake, basi yeye ndiye chanzo. Umenibana vizuri.

Korosho zetu zikibanguliwa Vietnam, "origin" ni wapi?
— Hapo Kiingereza kinaishia, forodha inaanza. Zimevunwa kwetu, lakini kubangua kunaweza kubadili jibu kulingana na kanuni za nchi inayozipokea. Muulize mnunuzi kabla hujajaza.