Jinsi ya Kupima Madaraka ya Bunge Ambayo Katiba Haikuyataja Bayana

Wakala anayesajili laini za simu pale Mwanga, mjini Kigoma, humdai mteja namba ya NIDA na alama ya kidole kabla ya laini kufunguliwa. Ukiipekua Katiba ya mwaka 1977 yote, hutakuta ibara inayoliruhusu Bunge kuagiza laini zisajiliwe. Je, Bunge limejitwalia madaraka hayo?

Ili kulijibu swali hilo, usianze na sheria inayolalamikiwa. Anza na madaraka yaliyoandikwa, kisha uone kama sheria hiyo inayatumikia. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yenye orodha ya mambo ya Muungano. Jambo la 11 linataja, pamoja na mengine, posta na simu, bila kueleza zisimamiwe vipi. Hoja ya kuitetea Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayoagiza laini zisajiliwe, ni kwamba aliyekabidhiwa jambo amekabidhiwa pia nyenzo za kulitekeleza.

Pima basi nyenzo hizo kwa lengo lake. Kipimo mashuhuri kilitolewa Marekani mwaka 1819 katika kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland, baada ya bunge la nchi hiyo kuanzisha benki ambayo katiba yao haikuitaja. Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba lengo likiwa halali chini ya katiba, na nyenzo ikawa inafaa, inaelekea kwenye lengo hilo na haikukatazwa, basi nyenzo hiyo ni halali, hata kama si pekee iliyopo. Hapo ndipo wengi wanaojiandaa kwa mdahalo huteleza, kwa kudhani kuwa njia mbadala ikipatikana sheria imeanguka.

Hata hivyo, usiichukue kesi hiyo nzima nzima. Marshall alitegemea kifungu cha katiba ya Marekani kinachotaja sheria za lazima na zinazofaa; sisi tunategemea Ibara ya 64(1), inayoliachia Bunge mamlaka yote ya kutunga sheria juu ya mambo ya Muungano na mambo mengine yote ya Tanzania Bara. Kwa sababu hiyo, sheria inayomhusu mkulima wa tumbaku wa Urambo haihitaji kutafutiwa neno "tumbaku" katika Katiba. Ubishi wenye uzito, kwa maoni yangu, huzuka sheria inapovuka bahari: Ibara ya 64(3) inaitangua sheria ya Bunge inayogusa jambo lililo katika mamlaka ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Ibara ya 64(4) inaweka masharti ya sheria ya Bunge kutumika Zanzibar.

Mwisho, tafuta makatazo. Sheria ya laini inaweza kuwa ndani ya mamlaka ya Bunge na bado ikagongana na haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 16. Hapo utasoma Ibara ya 30(2) kuona kama mpaka uliowekewa haki hiyo unaruhusiwa. Ukiandaa shauri la Mahakama Kuu, zingatia pia Ibara ya 30(5), kwa kuwa Mahakama inaweza, badala ya kuitangua sheria, kuipa Serikali au mamlaka inayohusika muda wa kurekebisha kasoro.