Kabla hujasema "haiingii akilini": namna ya kubishania siri ya Final Fantasy VIII

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mimi ndiye msomaji. Nakala yetu ya Final Fantasy VIII, mchezo wa video wa 1999, ni ya Kifaransa, na wadogo zangu wawili hungoja niwageuzie kila sentensi ndipo wabonyeze. Ugomvi wa Trabia, shule moja ya ndani ya mchezo, ulipozuka, nusu ya kosa lilikuwa langu. Kama hujamaliza diski ya pili, usiendelee kusoma, maana nitaitaja siri yenyewe.

Katika uwanja wa mpira wa kikapu wa Trabia, uliobomolewa na makombora, Irvine, mmoja wa wahusika, anawafunulia wenzake kwamba yeye, Squall, Quistis, Zell, Selphie na hata Seifer walilelewa nyumba moja ya yatima, na mama aliyewalea ni Edea, yule yule mchawi waliyetumwa kumwua. Wamesahau kwa sababu ya G.F., viumbe wanaowaita vitani, ambao hukaa kichwani pale pale zinapokaa kumbukumbu. Mdogo wangu wa mwisho aliiweka maneti, kile kidude cha kuchezea, chini. "Yaya, huu ni uongo! Wameutunga sasa hivi."

Mtu akisema hivyo, usimjibu bado. Muulize analalamikia nini: hakuandaliwa, au jambo lenyewe haliwezekani, au limemuuma tu? Hayo ni mashtaka matatu, na kila moja lina ushahidi wake. La mdogo wangu lilikuwa la kwanza.

Shtaka hilo huamuliwa kwa kurudi nyuma. Ndiyo maana nasisitiza muhifadhi mchezo mahali tofauti tofauti, msiandike juu ya ule wa zamani. Tulirudi diski ya kwanza, kwenye gwaride la mji wa Deling. Irvine ameshika bunduki, Edea anapita chini, na Irvine anatetemeka na kusema hawezi. Siku ile bukari, ugali wetu, ilikuwa inapoa, nikafupisha maneno yake yote kuwa "anaogopa". Watoto wakamwita mwoga kwa wiki nzima. Kumbe kijana alikuwa ameagizwa kumpiga risasi mama yake mlezi! Halafu kuna ile kompyuta ya darasani katika shule ya Balamb, mwanzoni kabisa, inayotaja kwamba G.F. wanalaumiwa kwa kupoteza kumbukumbu. Hiyo niliiruka yote. Basi kama kikundi chenu kina mtafsiri, someni mstari mzima kabla ya kumshtaki mtunzi.

Kisha pimeni sababu ya kusahau kwa mhusika anayeisumbua zaidi. Kwetu alikuwa Selphie: amehamia Balamb, wanakotumia G.F., juzi tu, amesahau lini? Mchezo unajibu kwamba akiwa na miaka 12 alimshinda mnyama mmoja, akakuta G.F. ndani yake, akamtumia huyo G.F. kwa muda. Mdogo wangu wa kati akasema jibu linalokuja pamoja na swali lake ni kiraka. Nikamwambia hapo uko na haki. Kiraka kiitwe kiraka, hata na anayeupenda mchezo kama mimi. Ukikataa kukubali jambo dogo, hawatakusikiliza kwenye kubwa.

Kuhusu bahati ya wote kukutana, ahirisheni hukumu mpaka mjue kwamba Cid, mkuu wa Balamb aliyeanzisha Garden, yaani shule hizi za kivita, ni mume wa Edea. Watoto wa nyumba ile kuishia kwenye shule hizo si ajabu tena.

Tulichobishania mpaka usiku ni ukimya wa Irvine. Mbona alikumbuka na hakusema? Mwenyewe anaeleza kwamba hakuna aliyeonyesha kumkumbuka. Wa kati hakuridhika. Mimi naliona ndilo jambo la kweli kuliko yote: ukiwakuta uliokua nao wakakutazama kama mgeni, utaanzia wapi?

Wa mwisho hakujibu. Aliomba turudie gwaride. Safari hii nilisoma kila neno la Irvine, naye akakaa na kidole juu ya kitufe, bila kubonyeza, mpaka nilipomaliza.